Jinsi ya kuangalia riplei ya besiboli na kujua kama refa kaonewa au kachemka

Kama unafuatilia besiboli ya Marekani ukiwa huku kwetu shida yake unaijua, mechi ya saa moja jioni kule New York kwako inaanza saa nane usiku, umekesha, macho mekundu, halafu ining ya nane (awamu ya nane kati ya tisa za mechi) mchezo unasimama, marefa wamevaa hedifoni wametulia kama wanasubiri daladala. Hapo mtu aliyechoshwa na VAR anaanza kulaumu kwamba video inaua michezo. Mimi naona riplei kwenye besiboli ni lazima iwepo, tena ilichelewa, ila isipewe kila kitu, na ukijua kinachotafutwa pale utaacha kuboreka na utaweza kubishana na mtu kwa hoja.

Kwa ambaye mchezo bado mgeni kwake: mpigaji akigonga mpira unaodunda chini anakimbilia besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza anachotakiwa kukanyaga. Mpira ukifika kwenye glavu ya mtu aliyekanyaga besi kabla ya mguu wa mkimbiaji, auti, katolewa. Mguu ukitangulia, sefu, kasalimika. Ugomvi mwingi wa besiboli uko hapo, na anayeamua ni binadamu aliyesimama mita chache tu pembeni.

Kwanza elewa kwa nini iliingia

Chukua usiku wa tarehe 2 Juni 2010, Detroit, Tigers na Cleveland. Mrushaji wa Tigers, Armando Galarraga, kashawatoa wapigaji 26 mfululizo, hakuna hata mmoja aliyefika besi, akimtoa wa 27 anakuwa na mechi kamilifu, kitu ambacho kwenye historia nzima ya ligi kuu kimetokea mara 24 tu mpaka msimu wa 2025. Wa 27 ni Jason Donald. Anagonga mpira wa chini, mwenzake Galarraga, Miguel Cabrera, anaufuata, anaokota, anamrushia Galarraga ambaye kakimbia kwenda kuikanyaga besi ya kwanza, mpira uko kwenye glavu, mguu uko kwenye besi, Donald bado hajafika. Refa Jim Joyce ananyoosha mikono: sefu! Galarraga anatabasamu tu. Watu wenye tivii nyumbani wakarudishiwa ile picha, wakaona auti kabisa, Joyce yeye kaja kuiona mechi ikiwa imeisha, akakiri kosa, akaomba msamaha huku analia. Kesho yake wakakutana uwanjani Galarraga akamkabidhi karatasi ya kikosi, wakapeana mikono, dunia nzima ikapiga makofi.

Sasa wale wanaosema makosa ya refa ni sehemu ya utamu wa mchezo huwa wanaitolea mfano hiyo hiyo, oh angalia uungwana. Sawa, uungwana ulikuwepo, ila mechi kamilifu mpaka leo hajapewa, kamishna wa ligi wakati ule Bud Selig alikataa kubadilisha. Na riplei ilikuwepo! Ilianza tarehe 28 Agosti 2008, lakini kwa homurani peke yake, yaani mpira umevuka ukuta au haujavuka. Ya besi haikuhusika.

Na kabla ya hapo kuna ya mwaka 1985, fainali, mechi ya sita, St. Louis wanaongoza 1-0 ining ya tisa wakishinda wanachukua kombe, refa Don Denkinger akasema Jorge Orta wa Kansas City ni sefu wakati alikuwa auti. Kansas City wakageuza wakashinda 2-1, mechi ya saba wakapiga 11-0. St. Louis hawajasahau.

Jua nani anaomba

Mfumo mpana ulianza 2014. Meneja, ambaye ndiye kocha mkuu, ana chalenji, yaani nafasi ya kupinga uamuzi wa refa, moja kwenye mechi ya kawaida, mbili kwenye mechi za mtoano. Akishinda anabaki nayo, akishindwa kwaheri. Kuanzia ining ya nane, kama chalenji imeisha, kiongozi wa marefa anaweza kuamua mwenyewe kwenda kuangalia.

Cha kufanya wewe: tukio likitokea tu usiangalie mpira, mwangalie meneja. Atanyanyua mkono, maana yake subirini kidogo, na toka 2023 ana sekunde 15 za kuamua. Nyuma yake kuna mtu kashika simu anaongea na chumba cha video cha timu yao, ambako jamaa anarudisha picha haraka haraka anamwambia omba au acha. Meneja akitikisa kichwa ujue chumba kimemwambia acha, na mara nyingi hapo refa kapatia. Ukizoea kuangalia hivi unajua jibu kabla ya mtangazaji.

Akiomba, uamuzi haufanyiki uwanjani. Unaenda New York, kwenye kituo kimoja kinachohudumia viwanja vyote, na wanaoamua pale ni marefa wa ligi hiyo hiyo wanaopokezana zamu. Hili nalipenda kuliko VAR ya kwenye mpira wa miguu, hakuna refa kukimbilia tivii pembeni ya uwanja huku mashabiki elfu 40 wanamzomea.

Ujue swali linaloulizwa ni lipi

Hapa ndipo wengi wanapopotea. New York hawaulizi "wewe ungesemaje?" Wanauliza kama kuna ushahidi wa wazi kwamba refa kakosea. Kwa hiyo majibu yako matatu: uamuzi umethibitishwa, umebadilishwa, au unabaki. "Unabaki" haimaanishi refa kapatia, inamaanisha video haikutosha kumpinga. Ukimsikia shabiki anasema "hata video imesema alikuwa auti" muulize wamethibitisha au wameacha ubaki, atababaika.

Na kwa nini video isitoshe? Piga hesabu kidogo. Kamera ya picha 60 kwa sekunde, mkimbiaji anaenda mita 8 kwa sekunde, kati ya picha moja na inayofuata kasogea kama sentimita 13. Kwa hiyo inawezekana picha hii mguu uko hewani, inayofuata mguu na mpira vyote vishafika, na kilichotangulia kimepotea katikati. Unaweza kuirudia mara mia haitatoka. Wakati huo refa mzuri pale besi ya kwanza alikuwa anatumia macho na masikio pamoja, macho kwenye mguu, masikio kwenye mlio wa mpira ukigonga ngozi ya glavu. Ndiyo maana wanapatia mara nyingi kuliko tunavyodhani, na hata kwenye zile zinazopelekwa New York, ambazo meneja keshachagua za kubishaniwa, karibu nusu hazibadiliki.

Ukiangalia riplei mwenyewe fanya hivi: tafuta pembe inayoonyesha besi na glavu kwa pamoja, siyo ile nzuri ya karibu inayoonyesha uso wa mchezaji. Kwenye besi ya kwanza angalia kwanza mguu wa anayedaka kama haujaachia besi, watu wanasahau sana hili. Kisha angalia mpira ukiingia ndani ya glavu, siyo ukiwa mlangoni. Kisha mguu wa mkimbiaji. Kama ni mtu anateleza na anatakiwa kuguswa na glavu yenye mpira, achana na besi kabisa mwanzoni, tafuta ni sekunde gani glavu imegusa jezi au mwili, jezi ikitikisika ndiyo hapo, ndiyo urudi kuangalia mkono wake umefika wapi.

Usidai riplei ya kila kitu

Homurani, sefu na auti, kudaka kwa walinzi wa nyuma, mpira kumgonga mpigaji, shabiki kuingiza mkono uwanjani, yote hayo yanaangaliwa. Kama mpira uliopigwa umeangukia ndani ya mistari au nje, hilo linaangaliwa ukianguka kule mbali, ukianguka karibu mbele ya refa wa besi hauangaliwi.

Ila kuna moja inayonikera na nadhani sheria ingeirekebisha. Mtu anaiba besi, yaani anakimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa, anateleza, anafika mapema kabisa, ila kwa ule mwendo mwili unadunda, mguu unanyanyuka kutoka kwenye besi unene wa kidole kwa muda wa kufumba na kufumbua, na anayedaka kamwekea glavu mgongoni muda wote akiomba Mungu. Uwanjani hakuna jicho linaloona. New York wanaona. Auti. Miaka zaidi ya mia watu wamekimbia besi ilikuwa nadra sana mtu kutolewa kwa kosa hilo, leo linaua ining. Kisheria ni sawa, sibishi, lakini riplei ililetwa kwa ajili ya kesi kama ya Joyce, kosa ambalo uwanja mzima unaliona. Ningekuwa na sauti ningesema mkimbiaji akishafika na bado yuko juu ya besi kwa mwendo ule ule, huko kudunda kusihesabiwe.

Halafu kuna hoja ya muda. Ligi ilihangaika kufupisha mechi, ikaleta 2023 saa ya mrushaji, inayomlazimisha arushe mpira ndani ya sekunde chache, na mechi zikashuka toka kama saa 3 hadi saa 2 na dakika 40. Ukaguzi mmoja mara nyingi ni dakika moja na ushee. Kwa mimi inavumilika, na kumbuka zamani dakika hizo hizo zilikuwa zinaliwa na meneja anayetoka mbio kumfokea refa, anapiga teke vumbi, wengine wanang'oa besi na kuitupa. Bobby Cox wa Atlanta alitolewa nje mara 158 kwenye mechi za msimu wa kawaida! Wazee wanasema ile ilikuwa burudani, na kweli ilikuwa, ila siku hizi ukibishia jibu la New York unatolewa moja kwa moja.

Madhara ambayo hayasemwi sana ni kile chumba cha video. Ukimpa mtu tivii na simu karibu na benchi, kuna siku atavitumia kuiba ishara za mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kumwonyesha mrushaji arushe mpira wa aina gani. Uchunguzi wa ligi ulikuta mwaka 2018 mtu wa riplei wa Boston Red Sox alikuwa anafanya hivyo, akafungiwa, timu ikapoteza haki ya kuchagua mchezaji raundi ya pili kwenye zoezi la timu kugawana wachezaji wapya. Kwa hiyo anayekwambia riplei haina gharama muulize kuhusu hilo.

Straiki nazo sasa zimeingia

Kwa muda mrefu straiki, yaani mpira uliopita kwenye eneo la kupigwa na mpigaji asiupige, hazikuguswa, refa wa nyuma ya mdakaji akisema kasema. Septemba 2025 ligi ikapitisha kwamba kuanzia msimu wa 2026 zinaruhusiwa kupingwa, na Korea Kusini wao walishatangulia 2024 kwa kuiachia mashine straiki zote. Marekani hawakufika huko, na nadhani wamefanya la maana. Refa anaendelea kuamua, kila timu ina chalenji mbili, ukipatia unabaki nayo. Anayeruhusiwa kuomba ni mpigaji, mrushaji au mdakaji tu, anagonga kofia yake hapo hapo, bila kusaidiwa na benchi. Kamera zinapima, mchoro unaonekana kwenye skrini ya uwanja, sekunde chache mmemaliza.

Ili usishangae mchoro: upana ni ule wa sahani ya nyumbani, ile bamba iliyoko chini pembeni ya mpigaji, kama sentimita 43, juu ni asilimia 53.5 ya urefu wa mpigaji, chini ni asilimia 27. Kwa hiyo mpigaji kama Aaron Judge mwenye mita 2 na ushee, straiki yake inaishia kama sentimita 107 toka chini, José Altuve mwenye kama mita 1.68 inaishia sentimita 90. Mpira ule ule, kwa huyu straiki, kwa yule siyo. Na mpira ukigusa ukingo kidogo tu tayari ni straiki.

Unapoangalia, cheki nani kagonga kofia. Mdakaji ndiye wa kumwamini zaidi, kakaa kwenye mstari wa mpira wenyewe, na kwenye majaribio ya kabla ya msimu wa 2025 wadakaji ndio walipatia zaidi, warushaji wakashika mkia. Mrushaji akigonga kofia ining ya kwanza, hamna mtu kwenye besi, hapo kapandwa hasira tu, na timu yake itaitafuta hiyo chalenji ining ya tisa isiipate.