Ndoa ya Bomani: Karatasi Kwanza, Gauni Baadaye

Shughuli yenyewe mbele ya msajili huisha kwa dakika 10 hadi 20. Kinachokula muda ni karatasi, na ndoa ya bomani ikiahirishwa, mara nyingi chanzo ni karatasi. Kwa hiyo msianze na gauni wala mahali pa kula. Nendeni kwa msajili wa ndoa, nyote wawili, mkaulize mambo manne: nyaraka zipi zinatakiwa, notisi (taarifa ya nia yenu ya kuoana, inayotolewa kabla ya ndoa) ni ya siku ngapi, kibali kikitoka kinadumu muda gani, na chumba kinabeba watu wangapi.

Sheria hazifanani. Tanzania na Kenya notisi ni ya siku 21. England na Wales ni siku 28. Katika jimbo la New York hakuna notisi, ila leseni ikishatoka sharti zipite saa 24 kabla ya kufunga ndoa, na baada ya siku 60 inakufa. Tarehe ya harusi basi ipangwe kwa kurudi nyuma: hesabuni siku za notisi, ongezeni wiki mbili za kurekebisha makosa, ndipo mwaalike watu.

Nyaraka za kawaida ni kitambulisho au pasipoti na cheti cha kuzaliwa. Aliyewahi kuachika alete hati ya talaka iliyokamilika. Barua ya wakili haitoshi. Mjane au mgane alete cheti cha kifo. Raia wa nchi nyingine huombwa uthibitisho kutoka kwao kwamba hana ndoa, na karatasi hiyo huwa na muda mfupi wa matumizi, kwa hiyo msiiombe mapema mno. Iliyoandikwa kwa lugha nyingine itafsiriwe na mfasiri anayetambuliwa na ofisi husika, si shemeji anayejua lugha hiyo.

Sasa tandazeni vyote mezani, msome majina herufi kwa herufi. Kitambulisho kinasema Mohamed, cheti cha kuzaliwa kinasema Mohammed. Pasipoti ina majina matatu, cheti kina mawili. Kwenu ni mtu yule yule. Kwa karani ni watu wawili. Kwa kawaida dawa yake ni hati ya kiapo, kazi ndogo tu ikigundulika wiki tatu kabla. Ikigundulika asubuhi ya harusi, mnarudi nyumbani na maua yenu.

Mashahidi kwa kawaida ni wawili, watu wazima, kila mmoja na kitambulisho halisi mkononi. Picha iliyo kwenye simu hukataliwa. Mwekeni wa tatu wa akiba. Foleni ya magari haijui harusi.

Ombeni nafasi ya kwanza asubuhi, siku ya katikati ya wiki. Hakuna waliowatangulia, hivyo hakuna wa kuwachelewesha. Fikeni nusu saa kabla, maana nyuma yenu kuna wengine na msajili hawezi kuwasubiri. Kama mlangoni pana ukaguzi, kisu cha keki kitabaki kwa mlinzi. Mkihesabu wageni, ulizeni kama idadi ya chumba inajumuisha mashahidi na mpiga picha. Huyo mpiga picha asimame na dirisha mgongoni kwake. Likiwa nyuma yenu, nyuso zitatoka nyeusi. Pete kwa kawaida si sharti la kisheria, ila mkivalishana, zijaribuni siku yenye joto. Vidole huvimba, na pete ikakwama kwenye kifundo.

Kabla ya kusaini, someni cheti taratibu hata kama wote wanawatazama: tahajia, siku na mwezi wa kuzaliwa, majina ya wazazi. Bibi harusi atie saini ile ile ya kwenye kitambulisho chake, si ya jina jipya. Kosa likionekana kabla ya saini, hurekebishwa pale pale. Baada ya hapo ni maombi, ada na kusubiri.

Chukueni nakala mbili au tatu zilizothibitishwa kwa ajili ya benki, bima na pasipoti. Kama cheti kitatumika nje, ulizeni kuhusu apostili, muhuri unaotambuliwa kati ya nchi za Mkataba wa The Hague wa 1961. Kwingineko mtapitia ubalozini. Na cheti halisi msikitie laminesheni. Muhuri haushiki juu ya plastiki, na kuna ofisi zitakazokikataa.