UPS ya kompyuta ya nyumbani: soma wati, achana na VA

Mimi nachapa ripoti za wanafunzi nyumbani, hapa Tanga. UPS yangu ya kwanza, yaani boksi lenye betri linaloendelea kutoa umeme ukikatika, ilikuwa ya 650VA. Nikachomeka kompyuta, monita na printa ya leza, nikajiona nimemaliza. Umeme ukakatika nipo ukurasa wa 41, nikabonyeza kuchapisha bila wasiwasi. UPS ikalia mara moja, giza, na kurasa zangu zikaenda. Kesho yake niliirudisha dukani nikagombana na watu bure, maana kosa lilikuwa langu. Printa ya leza inapopasha moto huvuta wati mia kadhaa kwa mpigo. Hiyo chomeka ukutani.

Namba kubwa kwenye boksi ni VA (volti mara ampea), usiihesabu kama wati. Geuza UPS nyuma usome kibandiko: ya 650VA mara nyingi hutoa wati 360 hivi. Kompyuta yangu na monita ya inchi 19 hazifiki wati 120, kwa hiyo inanitosha. Mwenye kompyuta ya magemu atafute kubwa zaidi.

Sasa dakika. Ndani ya UPS ya saizi hii kwa kawaida mna betri moja ya volti 12, Ah 7 (ampea-saa 7). Zidisha upate 84; hizo ni wati-saa za kwenye karatasi. Ikinyonywa haraka, na umeme mwingine ukipotea wakati wa kugeuzwa kuwa wa volti 230, hupati hata nusu yake. Kwangu, betri ikiwa mpya, ni dakika kumi na tano. Nahifadhi kazi, nazima, nakwenda kunywa chai. Muuzaji akikuambia utafanya kazi saa mbili, muulize aliichomekea nini.

Kama kwenu umeme hushuka jioni mpaka taa zinafifia, chukua yenye AVR, yaani kirekebisha volti. Yenyewe huupandisha umeme mdogo bila kugusa betri. Isiyo nayo hukimbilia betri kila mara, na betri inachoka mapema. Chagua pia yenye soketi za pini tatu, la sivyo utarudi dukani kutafuta waya wa monita.

Usilipe kabla ya kujaribu. Mimi huenda na taa ya mezani yenye balbu ya zamani ya wati 60. Naichomeka kwenye UPS, nawasha, kisha nachomoa UPS ukutani. Taa ikizima papo hapo, huenda betri imekaa rafuni mpaka ikafa, mwambie akuletee nyingine. Ukifika nyumbani iache ichaji usiku kucha, mbali na jua la dirishani.

Ikianza kuzima baada ya dakika mbili, usiitupe. Yangu niliibadilisha betri mwaka wa tatu, nikampa fundi yenye namba zilezile, na ndiyo inayolia hapa chini ya meza sasa hivi.