Seva za Saa Zikipishana kwa Sekunde Moja

Seva zikipishana kwa sekunde moja kamili, au kwa sehemu ya sekunde inayokua polepole, usikimbilie kuzima na kuwasha. Tafuta ushahidi, na kosa la sekunde ya ziada (leap second, inayoongezwa kwenye UTC, saa rasmi ya dunia, ili iendane na mzunguko wa Dunia) hujulikana kwa umbo lake.

Mimi huanza na `ntpq -p`, amri inayoorodhesha vyanzo vya saa vinavyofuatwa na ntpd, programu ya kuoanisha saa. Tazama safu ya offset (tofauti ya saa), inayohesabiwa kwa milisekunde. Chanzo kimoja kikionyesha 1000 hivi huku wenzake wakicheza karibu na 0, basi ama kimeiruka sekunde ya ziada, ama kimejiongezea isiyokuwepo. Programu ikiwa na vyanzo vya kutosha hukiwekea x na kukiacha. Ikiwa na viwili tu haiwezi kujua mkweli ni yupi, ndiyo maana nasisitiza visipungue vinne.

Kisha `ntpq -c rv`, usome leap, alama inayoonya kuhusu sekunde ya ziada. 00 ni kawaida. 01, dakika ya mwisho itakuwa na sekunde 61. 10, itakuwa na 59. 11, seva haijaoanisha saa. Kwenye chrony, programu nyingine ya kazi hiyo, ni `chronyc tracking`, mstari wa Leap status. Ukikuta 01 na IERS, shirika linaloamua sekunde za ziada, haijatangaza kitu katika taarifa yake ya Bulletin C, kuna chanzo kinachokudanganya. Kiondoe, halafu kagua kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) kwa `adjtimex --print`, kwa sababu alama ikishaingia huko inaweza kubaki hata baada ya kusimamisha ntpd. Kagua pia faili la leap-seconds.list, orodha ya sekunde za ziada: mstari unaoanza na #@ ndio wenye tarehe ya kuisha muda. Sekunde ya mwisho kuongezwa ilikuwa ya 31 Desemba 2016, na tangu hapo TAI (saa ya atomiki isiyoongezewa sekunde) imeitangulia UTC kwa sekunde 37.

Kosa linalosumbua zaidi ni kuchanganya vyanzo. Seva za Google haziongezi sekunde kwa mkupuo. Huisambaza kwa saa 24, kuanzia adhuhuri hadi adhuhuri ya UTC. Usiku wa manane zinakuwa zimeachana na seva za kawaida kwa nusu sekunde, na ntpd huanza kuirusha saa pale tofauti inapozidi milisekunde 128. Chagua upande mmoja, seva zako zote ziufuate. Hapa sikubali mjadala.

Na kama saa iko sawa lakini prosesa inachemka? Ndivyo ilivyotokea kwa mashine nyingi za Linux baada ya 30 Juni 2012. Kerneli iliongeza sekunde bila kuviarifu vipima muda vyake, hivyo programu zilizopaswa kulala kwa muda mfupi ziliamka papo hapo, zikalala, zikaamka tena, bila kikomo. Ukikutana na kerneli ya zamani yenye dalili hizo, andika:

`date -s "$(date)"`

Kuiseti saa upya hulazimisha vipima muda kuisoma tena, na mzigo hushuka bila kuzima chochote. Kisha panga kuisasisha kerneli hiyo.