Namna ya Kuifanya Idara ya Kiufundi Iwafae Wanawake Walio Wachache

Kiongozi anayetaka idara yake ya kiufundi iwafae wanawake mara nyingi huanza na lililo rahisi kuliko yote: huita mkufunzi, huwakusanya wafanyakazi kwa siku moja, wakaelezwa ubaya wa upendeleo. Siku hiyo haina madhara makubwa, ila haina tija kubwa pia. Wanasosholojia Frank Dobbin, Alexandra Kalev na Erin Kelly walichunguza takwimu za maeneo ya kazi 708 ya sekta binafsi nchini Marekani kati ya 1971 na 2002, wakaona kwamba mafunzo ya kupunguza upendeleo yalikuwa miongoni mwa hatua dhaifu zaidi za kuwafikisha wanawake kwenye umeneja, ilhali iliyozaa matunda zaidi ni ile ya kumpa mtu au kamati maalumu wajibu wa kufuatilia matokeo. Kwa hiyo maelekezo haya yanawalenga wale wanaoajiri, wanaogawa kazi na wanaotathmini, na hayana ushauri wowote kwa mwanamke kuhusu namna ya kuvumilia.

Hesabu kwanza

Andika ni wanawake wangapi walioomba kazi, wangapi walisailiwa, wangapi waliajiriwa, wako ngazi zipi, na wangapi wameondoka katika miaka michache iliyopita. Usitosheke na safu moja iliyoandikwa “wanawake”. Mwaka 1976 mahakama ya Marekani ililikataa dai la wanawake weusi watano dhidi ya kampuni ya magari ya General Motors, waliolalamika kwamba utaratibu wa kupunguza wafanyakazi kwa kuangalia ukongwe kazini uliwaumiza wao hasa, kwa kuwa kampuni ilichelewa kuwaajiri. Mahakama ilisema kampuni ilikuwa ikiajiri wanawake tangu zamani, na ni kweli, isipokuwa wanawake hao walikuwa weupe. Mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliichambua hukumu hiyo mwaka 1989, na tangu hapo imekuwa vigumu kwa mtu makini kudai kwamba hesabu ya wanawake kwa jumla inamtosheleza mwanamke mweusi, mwenye ulemavu au wa jamii ndogo.

Tahadhari moja: katika idara yenye wanawake watatu au wanne, jedwali lililochanganuliwa kiasi hicho humwanika mtu hata kama jina lake halikuandikwa. Hapo jedwali libaki kwa yule mwenye wajibu wa kulifuatilia, na mazungumzo ya faragha na kila mmoja yafanye kazi ambayo takwimu haziwezi kuifanya.

Usaili

Mwaka 2012 watafiti walioongozwa na Corinne Moss-Racusin waliwapelekea wahadhiri wa sayansi 127 maombi ya kazi yaliyofanana neno kwa neno, mengine yakiwa na jina John na mengine Jennifer. John alionekana ana uwezo zaidi, na mshahara uliopendekezwa kwake ulikuwa wastani wa takriban dola 30,200 kwa mwaka, huku wa Jennifer ukiwa takriban dola 26,500. Wahadhiri wanawake walimpendelea John sawa na wahadhiri wanaume. Hii ndiyo sababu kumweka mwanamke mmoja katika jopo la usaili hakutoshi, na kama ndiye mwanamke pekee katika idara, kumwita kwenye kila jopo ni kumnyang’anya muda wa kazi yake mwenyewe.

Kinachosaidia ni utaratibu. Vigezo viandikwe kabla ya ombi la kwanza kufunguliwa, na kila sharti lisilohitajika kweli lifutwe kwenye tangazo. Wasailiwa wote waulizwe maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, na kila msaili atoe alama zake peke yake kabla ya majadiliano, kwani sauti ya mkubwa ikishasikika, alama za wadogo huifuata. Mshahara upangwe kwa ngazi ya kazi. Kumuuliza mtu alikuwa akilipwa kiasi gani kule atokako ni kuirithi dhuluma ya mwajiri mwingine.

Nani anapewa kazi gani

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, kwa sababu mwanamke aliyeajiriwa kwa haki bado anaweza kudumazwa na mgawanyo wa kazi za kila siku. Kila timu ina kazi zinazomjengea mtu jina, kama kusanifu mfumo mpya au kuongoza uchunguzi wa hitilafu kubwa, na ina kazi ambazo lazima zifanyike lakini hazimpandishi mtu cheo: kuandika kumbukumbu za kikao, kuwapokea wageni, kuandaa hafla, kumwelekeza mfanyakazi mpya. Mwanauchumi Linda Babcock na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba katika vikundi vilivyochanganya wanaume na wanawake, wanawake walijitolea kufanya kazi ya namna hiyo karibu asilimia 50 zaidi ya wanaume. Katika vikundi vya jinsia moja tofauti hiyo ilitoweka. Basi haifai kusema kwamba wanawake wanazipenda kazi hizo. Wote waliopo wanatarajia kwamba mwanamke ndiye atakayezichukua, naye analijua tarajio hilo.

Kwa hiyo acha kuuliza “nani atajitolea?” Tengeneza orodha ya zamu ya kazi hizo, yenye majina ya wote, wakiwemo wakongwe na wewe mwenyewe. Kwa kazi zinazojenga jina, weka daftari la miezi mitatu linaloonyesha nani alifikiriwa, nani alipewa na kwa sababu gani. Wengi hushangazwa na daftari lao wenyewe, maana kila uamuzi ulionekana wa busara siku ulipofanywa.

Kuna dhuluma nyingine inayovaa joho la huruma. Meneja hampeleki mhandisi wa kike kwenye mtambo wa mbali, au hamwekei zamu ya usiku, au anampunguzia majukumu baada ya likizo ya uzazi, yote kwa nia njema na bila kumuuliza. Muulize, na mweleze bayana kwamba akikataa sasa hajapoteza nafasi ya baadaye.

Wakati wa tathmini, maneno kama “ajiamini zaidi” hayamsaidii mtu. Andika kazi gani ilifanywa, ilileta nini, na ni ujuzi upi unaohitajika ili afike ngazi inayofuata. Pia mpate mkubwa atakayemtaja kwa jina katika kikao cha kupandisha vyeo, kikao ambacho mwenyewe hayumo. Mshauri wa kunywa naye kahawa hafanyi kazi hiyo.

Vifaa na mahali

Mwezi Machi 2019, NASA, shirika la anga la Marekani, ililazimika kubadilisha mpango wa wanawake wawili, Anne McClain na Christina Koch, kutoka pamoja nje ya kituo cha anga, kwa kuwa sehemu ya kiwiliwili ya vazi la saizi ya kati iliyokuwa tayari kutumika ilikuwa moja tu. Koch alitoka na Jessica Meir mwezi Oktoba. Kagua basi ovaroli, glavu, buti na mikanda ya usalama ulivyo navyo, na agiza saizi zinazohitajika kabla mtu hajazihitaji. Kagua vyoo vya eneo la kazi. Anayenyonyesha apewe chumba chenye kufuli na jokofu, na muda wake uhesabiwe kuwa wa kazi, kama unavyotaka Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000.

Malalamiko

Mkataba Na. 190 wa shirika hilohilo, wa mwaka 2019, unahesabu kuwa unyanyasaji wa kazini hata ule unaotokea safarini, mafunzoni na kwenye mawasiliano ya kielektroniki. Weka angalau njia mbili za kulalamika zisizopita kwa msimamizi wa moja kwa moja. Uchunguzi unapoendelea, asihamishwe mlalamikaji isipokuwa ameomba mwenyewe.

Mapitio ya kwanza yafanywe baada ya miezi sita, ukianza na daftari la mgawanyo wa kazi kabla ya takwimu za ajira. Nafasi za ajira hufunguka mara chache, lakini kazi hugawiwa kila wiki, hivyo mabadiliko, au kukosekana kwake, yataonekana humo mapema zaidi.