Kustaafu Uingereza Huku Moyo Uko Unguja: Mwongozo kwa Mzanzibari Aliyeamua Kubaki

Mwongozo huu ni kwa Mzanzibari aliyefanya kazi Uingereza miaka mingi, akafikia umri wa pensheni, na kwa sababu zake mwenyewe akaamua kwamba uzee wake utapita huko huko, ama kwa kuwa watoto na wajukuu wapo London au Milton Keynes, ama kwa kuwa maradhi yake yanahitaji hospitali asiyolipia mlangoni. Simzungumzii anayefunga mizigo kurudi, kwani huyo ana mambo yake. Namzungumzia aliyebaki, ambaye kila akipokea simu kutoka nyumbani anasikia kwamba kitu kingine alichokijua hakipo, akashinda siku nzima amenuna bila ya kujua amenunia nini. Rai yangu kwake ni kwamba huzuni ile ni haki yake na hana haja ya kuiombea radhi, lakini asiiache ishike kalamu pale anapotia saini karatasi za fedha, uraia, nyumba na maziko. Mambo hayo manne yaamuliwe kwa hesabu, na huzuni itafutiwe kazi nyengine.

Anza kwa kutenganisha unachokililia

Tulio nje tuna mtindo wa kusema "Zanzibar si ile tena" na kuishia hapo, na kauli hiyo haimsaidii mtu kwa sababu imefunga katika furushi moja mambo yasiyofanana. Kaa na karatasi uandike kimoja kimoja. Utakuta kuna vilivyoharibika kweli, mfano wa Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Sayyid Barghash, ikasalimika na mizinga ya Waingereza mwaka 1896, kisha sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Disemba 2020 ikiwa katika matengenezo na watu wawili wakafa. Utakuta pia fukwe za Nungwi na Paje ambazo ulizijua kwa ngalawa na mashamba ya mwani, na sasa unazijua kwa majina ya mahoteli. Utakuta majina ya watu waliokufa, na pengine hilo ndilo fungu kubwa kuliko yote ingawa huliandika la mwisho. Na utakuta siasa, ambayo ina maumivu ya aina yake.

Ukimaliza, pitia karatasi yako mara ya pili kwa insafu. Wazee waliotutangulia walizililia nyumba za udongo na mabaraza ya Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja, yaliyovunjwa kupisha maghorofa ya Michenzani, na leo kuna watu wazima wenye mvi wanaoyakumbuka maghorofa yale yale kwa mapenzi kwa sababu ndiko walikokulia. Anayesema kila kitu cha zamani kilikuwa bora naye akumbuke giza la Unguja lililoanza Disemba 2009 likaendelea hadi Machi 2010, miezi mitatu bila ya umeme wa gridi, watu wakichota maji kwa ndoo kwa kuwa pampu hazifanyi kazi. Sisemi haya ili kukunyamazisha. Nasema kwa sababu mtu akishajua ni kitu gani hasa kinachomuuma, hujua pia kipi kinaweza kutengenezwa kwa fedha kidogo, kipi kinataka kuandikwa kabla hakijasahauliwa, na kipi hakina dawa ila kuombewa dua.

Pensheni na urefu wa safari

Umri wa pensheni ya serikali Uingereza ulikuwa miaka 66, na kuanzia mwaka 2026 unapandishwa kidogo kidogo hadi kufikia 67 mwaka 2028. Kwa mfumo mpya, mtu huhitaji angalau miaka 10 ya michango ya Bima ya Taifa ili apate chochote, na kwa kawaida miaka 35 ili apate pensheni kamili. Kabla ya kustaafu, omba taarifa ya michango yako serikalini na uikague mwaka hadi mwaka, maana wengi wetu tuna mapengo ya miaka ya mwanzo tulipokuwa tunasubiri karatasi, au miaka tuliyokaa nyumbani kumuuguza mzazi. Baadhi ya mapengo huweza kujazwa kwa kulipia, lakini kwa kawaida hayo ni ya miaka 6 iliyopita tu.

Jambo ambalo huzuni hulificha ni hili: ukihamia Tanzania, Kenya au Oman, pensheni yako italipwa lakini haitaongezwa. Kiwango ulichoondoka nacho ndicho utakachokula mpaka mwisho, wakati aliyebaki Uingereza anaongezewa kila Aprili. Kwa hiyo mtu anayesema, baada ya msiba mmoja mzito, "mimi narudi zangu," na akarudi kweli ndani ya mwezi, asidhani kuwa amefanya uamuzi wa mapenzi peke yake. Amefanya pia uamuzi wa fedha utakaomfuata miaka 20. Akibadili mawazo na kuja tena kukaa Uingereza, kiwango hurekebishwa kuwa cha wakati huo, ila nyumba ya halmashauri aliyoirudisha hataikuta inamngoja.

Wanaopokea nyongeza ya pensheni kwa watu wa kipato kidogo (Pension Credit) wana sharti jengine linalowaumbua wengi. Nyongeza hiyo huendelea unapokuwa nje ya nchi kwa muda usiozidi wiki 4, na safari yenyewe iwe haikukusudiwa tangu awali kuzidi muda huo. Katika baadhi ya hali za kufiwa na ndugu wa karibu muda huweza kufika wiki 8. Aliyezoea kwenda Unguja miezi mitatu, afunge Ramadhani huko, ale Idi, kisha akae mpaka harusi ya mpwa wake, inampasa achague: ama akatoe taarifa na akubali malipo yakatike, ama aigawe safari yake. Mimi naona safari mbili fupi zina faida zaidi hata kwa moyo, kwa sababu mtu anayerudi mara kwa mara huyaona mabadiliko yakiwa madogo madogo, wakati anayerudi baada ya miaka minane huyapokea yote siku moja kwenye gari linalomtoa uwanja wa ndege.

Uraia

Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, tofauti na Kenya, ambayo Katiba yake ya mwaka 2010 imewaruhusu raia wake wa kuzaliwa. Aliyechukua pasi ya Uingereza akiwa mtu mzima huingia Zanzibar kama mgeni: atalipa viza ya Dola 50, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 atatakiwa pia alipie bima ya wageni ya Dola 44 inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Tayarisha moyo wako kabla ya kufika dirishani. Anayekwenda kumzika mama yake, akaulizwa madhumuni ya safari na ataishi hoteli gani, huweza kuvunjika vibaya mbele ya kijana wa uhamiaji ambaye hakosi adabu, bali anafanya kazi yake. Lipia viza na bima kwa intaneti ukiwa bado nyumbani, chapisha risiti zote, andika anwani ya nyumba ya familia kwenye fomu, na umalize shughuli hiyo kwa dakika chache ili machozi yakukute ukiwa na watu wako.

Serikali imekuwa ikizungumzia hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyengine, kwa hiyo kabla ya kununua kiwanja, kuandikisha mali au kupanga kukaa muda mrefu, uliza ubalozini utaratibu uliopo siku hiyo. Usitegemee alichoambiwa jirani yako mwaka juzi. Wala usinunue ardhi kwa jina la mtu mwengine ili "angalau uwe na kipande cha nyumbani". Ukimwandikisha mpwa, kisheria kiwanja ni cha mpwa, na siku mtakapogombana utakuwa umepoteza ardhi na ndugu pamoja.

Nyumba ya familia

Hapa ndipo fedha za wastaafu huzama, na nitakaa hapa kidogo. Mara nyingi nyumba ni ya mirathi isiyogawiwa: babu alifariki, watoto wake wakaendelea kuishi, nao wakaanza kufa, na sasa warithi wapo Unguja, Muscat, Mombasa na London, na hakuna anayejua fungu lake. Usipeleke hata pauni moja ya matengenezo kabla warithi hawajajulikana kwa maandishi. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana Zanzibar hushughulikia mirathi ya Waislamu, na Mahkama ya Kadhi ipo pale penye mgogoro. Ni kazi ya kuchosha, tena itakuletea maneno, lakini bila yake utakarabati nyumba kisha iuzwe na mrithi usiyemkumbuka.

Kama nyumba imo Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ruhusa ya matengenezo hutoka kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Pamoja na ruhusa, simamia vifaa. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu: boriti haifiki mbali. Fundi aliyezoea nyumba za matofali atakwambia apige lipu ya saruji kwa kuwa ni haraka na inang'aa. Usikubali. Ukuta wa matumbawe huvuta unyevu na hutaka kuutoa. Ukiufunika kwa saruji, maji hubaki ndani, chokaa ya kati hulainika, ncha za boriti zilizomo ukutani huoza, na baada ya misimu michache ya masika lipu hubanduka ikiwa imeshikamana na vipande vya ukuta wenyewe. Picha utakayotumiwa kwenye simu siku ya kwanza itakuwa nzuri sana. Omba picha ya magunia yaliyotumika, si ya ukuta uliomalizika, na uanze na paa, kwa sababu nyumba nyingi za Mji huuliwa na paa linalovuja.

Nyumba ikiwa imekushinda, kubali kuwa imekushinda. Kumpangishia mtu atakayeitunza ni bora kuliko kuifunga kwa kufuli ili ibaki "kama alivyoiacha mama".

Habari na siasa

Mchana wa baridi Uingereza ni mfupi, nyumbani wametutangulia kwa muda wa saa tatu, na simu huanza kulia kabla ya alfajiri. Mstaafu asiye na kazi ya kumtoa nyumbani huweza kuamka na sauti za WhatsApp za watu wanaolia, na akalala nazo. Weka nyakati mbili za kusikiliza habari kwa siku, ondoka katika makundi ambayo huyafungui ila kwa hofu, na mpigie simu mtu mmoja aliyepo pale badala ya kusikiliza kumi wasiokuwapo.

Hata hivyo kuna wakati ambapo hofu ni ya haki. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa Tanzania kwa siku kadhaa, watu waliuawa katika maandamano, na wengi waliokuwa nje walikaa bila ya kujua kama jamaa zao wako hai. Panga mapema: andika kwenye karatasi namba za simu za kawaida za watu watatu wa mitaa tofauti, mkubaliane ni nani atakayepokea habari za ukoo mzima, na uweke salio la kupiga simu za kimataifa bila ya intaneti. Ukitaka kuandamana mbele ya ubalozi au kumwandikia mbunge wako wa Uingereza, fanya, ni haki yako. Ila picha na majina ya ndugu waliobaki Unguja usiyachanganye na jambo hilo.

Na pale usingizi au hamu ya kula inapopotea kwa zaidi ya wiki mbili, mwone daktari wako. Nchini England unaweza pia kujiandikisha mwenyewe kwa tiba ya mazungumzo ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, bila ya barua ya daktari, na mkalimani huweza kuombwa.

Kazi ya huzuni

Fungu lisilo na dawa katika karatasi yako ndilo linalofaa kuandikwa. Toa picha za zamani, na nyuma ya kila moja andika kwa penseli laini majina, mtaa na mwaka, kwa sababu mjukuu wako hataweza kumtofautisha bibi wa Kiponda na jirani wa Mkunazini. Jirekodi ukieleza njia ya kutoka Malindi hadi Sokomuhogo, duka kwa duka, na nani alikuwa akiuza nini. Usianze na historia ya nchi. Anza na mlango wenu. Penye barua au hati zenye umri, Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani ndipo mahali pa kuulizia namna ya kuzihifadhi, kabla watoto hawajazitupa pamoja na magazeti.

Maziko na uwakilishi

Amua utazikwa wapi, na uandike. Kusafirisha maiti kutoka England huhitaji taarifa kwa korona (coroner, afisa anayechunguza vifo), cheti, sanduku lililozibwa na nafasi ya ndege, na hayo huchukua siku ambazo mila yetu ya kuzika haraka haizipendi. Wengi huchagua makaburi ya Waislamu ya huko huko ili watoto wapate pa kuzuru. Anayetaka Unguja amtaje mlipaji na aweke fedha kando, au ajiunge na kikundi cha maziko akiwa mzima. Wasia wako uandikwe kwa namna inayokubalika na sheria ya Uingereza, ukitaja mgao wa Kiislamu ikiwa ndio uutakao, kwani bila ya wasia sheria ya huko itagawa kwa utaratibu wake. Hati ya uwakilishi ya kudumu, inayompa mtu uliyemchagua uwezo wa kukuamulia mambo utakaposhindwa mwenyewe, isajiliwe ukiwa bado na akili timamu, na kwa mali iliyopo Zanzibar tengeneza hati nyengine kupitia ubalozi, kwa kuwa ile ya Uingereza usitegemee ikubaliwe huko.