Kabla hujajaza kozi za mwaka wa kwanza chuoni, pitia haya kwanza

Mpwa wangu karudi JKT juzi tu, kapata nafasi ya Ualimu wa Sanaa hapo chuo cha Stella Maris, sasa tangu afike nyumbani hapa Chikongola maswali yake ni godoro, ndoo, na pasi ibebwe au isibebwe. Nikamwambia anko, godoro Mtwara hii utalipata hata ukishafika, kozi ukizijaza vibaya ndo utakuja kulia mwaka wa tatu.

Kwanza tafuta prospektasi, kile kitabu cha chuo chenye kozi za kila programu, fungua ukurasa wa programu yako, sio ya rafiki yako hata kama mmetoka shule moja. Kozi za lazima zimeandikwa pale semista kwa semista, na wengi wanasoma semista ya kwanza tu wanafunga. Soma mpaka mwisho. Kuna kozi za mwaka wa pili hazikupokei kama ile ya nyuma yake hujaifaulu. Mimi enzi zangu (chuo nakihifadhi) nilifuata washkaji kwenye opsheno (kozi ya kuchagua) moja eti lekchara wake anagawa A, kweli B+ nilipata, ila ile niliyoiacha ndo ilikuwa mlango wa kozi niliyoitaka mwaka wa tatu, nikabaki nachungulia dirishani.

Halafu piga hesabu ya krediti. Digrii ya miaka mitatu kwa utaratibu wa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu Tanzania, inataka krediti zisizopungua 360, yaani kama 120 kwa mwaka, 60 kwa semista. Krediti moja inahesabiwa masaa 10 ya kusoma, vipindi pamoja na kujisomea mwenyewe, kwa hiyo semista ni masaa 600, gawa kwa wiki 15 unapata masaa 40 kila wiki. Hiyo ni kazi ya kuajiriwa kabisa. Ndo maana mtu anayeongeza opsheno mbili juu kwa sifa tu huwa simwelewi.

Kwa wanaosoma ualimu kuna hili la masomo mawili ya kufundishia. Kama form six ulikuwa HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) halafu unataka Historia na Kiingereza, hakikisha kozi za masomo yote mawili zinaenda sambamba kila semista, usirundike upande mmoja kwa kuwa unaupenda, maana hata mazoezi ya kufundisha utapelekwa shuleni ukafundishe hayo hayo. Na zile kozi za chuo kizima, stadi za mawasiliano na maendeleo, usizidharau. Watu wanaziita za kujazia ratiba, wanatoroka vipindi, mwishowe wanazisapu, yaani wanafeli na kurudia mtihani. Maksi zake zinaingia kwenye GPA (wastani wako wa ufaulu) kama nyingine tu.

Ratiba nayo iangalie kabla hujabonyeza kusevu, kozi mbili zikigongana muda mmoja usitegemee utajigawa. Ukishajaza piga picha skrini yako, ikibidi printi, siku matokeo yanatoka na kozi moja haionekani utakuwa na cha kumwonyesha mtu wa ofisini. Mkuu wa idara mfuate mapema wiki ya kwanza, ukienda baada ya dirisha la kubadili kufungwa utaambiwa subiri mwakani.

Kingine ni hela, na hapa kwetu ni stori ndefu. Vyuo vingi mfumo haukufungulii kujisajili mpaka ulipe sehemu ya ada, sasa vyuo vinafunguliwa Oktoba Novemba, wakati huo mzee kule Newala au Tandahimba korosho ndo kwanza ziko ghalani zinasubiri mnada, na mnada ukipita bado malipo yapite chama cha msingi mpaka yamfikie. Bumu la mkopo nalo lina siku zake. Kwa hiyo usikae kimya, nenda ofisi ya fedha uombe kulipa kwa awamu kabla hujazuiwa.

Mpwa kaprinti ukurasa wake, kaweka alama kozi za lazima kwa kalamu nyekundu. Ya pasi bado anauliza. Abebe tu.