Namna ya kuutembelea mto Malagarasi pale Uvinza

Wageni wengi wa Kigoma huishia ziwani na Gombe. Malagarasi, wenye bonde kubwa kuliko mto wowote unaoingia Ziwa Tanganyika, wanaupita darajani vioo vya gari vikiwa vimefungwa. Mahali pepesi pa kuuona ni Uvinza, mji wa chumvi, jirani na pale Ruchugi unapoingia Malagarasi. Siku moja inatosha ukijipanga.

Nenda kati ya Juni na Septemba. Mvua za huku huanza Novemba na kukata kwenye Mei, lakini mto haushuki siku mvua inapokata. Juu ya Uvinza kuna mabwawa ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000. Matete na mafunjo yake hushika maji kama godoro lililolowa, kisha huyaachia kidogo kidogo. Ndiyo maana mtu anafika Mei, jua linawaka, anakuta kingo zote zimefunikwa. Ukitaka kujua hali ya mto, tazama mabua ya matete. Tope lililokauka likiwa limeacha mstari juu ya usawa wa maji, mto unashuka. Maji yakiwa yamepanda hadi kwenye majani mabichi, mto unajaa, na siku hiyo utazame ukiwa juu, ukingoni usishuke.

Gari lipande stendi ya Masanga, mjini Kigoma, saa kumi na mbili asubuhi au karibu na hapo. Ni lami kupitia Kidahwe, kilomita 105 hivi. Treni ya Reli ya Kati nayo husimama Uvinza, ila haipiti kila siku, hivyo haimfai anayetaka kurudi jioni ileile. Ukishuka tu, uliza gari la mwisho la kurudi Kigoma linapita saa ngapi, kisha hesabu muda wako kwa kurudi nyuma.

Kabla ya kwenda mtoni, pitia ofisi ya mtendaji, jitambulishe, na uombe uunganishwe na mvuvi wa pale. Hili wengi huliona usumbufu. Mvuvi anayeshinda mtoni anajua mamba wanaota jua wapi mwezi huu, na hilo halimo kwenye ramani yoyote. Mwamkie kwa adabu, mpatane bei na muda, kwenda na kurudi, kabla hamjaanza kutembea.

Mamba ni hatari kubwa mtoni. Maji ya hapa yana tope, mnyama akiwa chini ya uso humwoni, naye hungoja pale watu na mifugo wanaporudia kufika. Mwaka 1871, msafara wa Stanley, mwandishi aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ukielekea Ujiji, punda wake mmoja alikamatwa na mamba akivushwa kwenye mto huuhuu. Chagua ukingo ulioinuka, simama mita tano nyuma ya maji, usichote maji wala kunawa miguu. Ukiona utepe wa tope laini unaong'aa ukishuka majini, katikati una mfereji mwembamba, huo ni mburuzo wa tumbo na mkia. Ondoka hapo.

Njia ya kiboko ni tofauti: mifereji miwili sambamba, katikati tuta lenye majani. Usiifuate wala usisimame juu yake, hasa jua likikaribia kuzama, maana kiboko akishtuka hukimbilia majini na atampitia yeyote aliyemzibia njia. Ifikapo saa kumi jioni uwe umeondoka mtoni.

Ukiamua kupanda mtumbwi, kagua mambo mawili. Watu wote wakishakaa, kingo za mtumbwi zibaki shibiri moja juu ya maji. Zikipungua, mmoja ashuke. La pili ni kopo la kukumbia maji, liwemo ndani. Jaketi okozi njoo nalo kutoka mjini, maana usitegemee kulikuta hapa. Kaa chini kwenye sakafu ya mtumbwi, mikono ndani, na usisimame kupiga picha: mtumbwi wa gogo hauna mkuku, uzito ukipanda juu unabinuka papo hapo.

Uliza wavuvi wakuonyeshe samaki waliopata. Humu zimo jamii za samaki zinazopatikana pia mto Kongo, ng'ambo ya ziwa, na wataalamu wanalichukua hilo kuwa dalili kwamba mto huu ulikuwapo kabla Bonde la Ufa halijaukata. Kwetu hili ndilo jambo la ajabu kuliko yote hapa.

Beba maji ya kunywa lita tatu kwa mtu, viatu vya kufunika mguu, dawa ya mbu. Nguo nyeusi na za buluu ziache nyumbani, zinavuta mbung'o. Kwenye vidimbwi vilivyotulia kuna kichocho, usitumbukize mguu.

Kabla ya kurudi nunua chumvi. Chemchemi za maji chumvi za Uvinza zimewalisha watu kwa karne nyingi, na wafanyabiashara wa zamani waliifuata hapa kutoka mbali. Njoo na kikapu au mfuko wa kitambaa, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Ikiwa chembe zinashikana mkononi bado ina maji: ianike juani siku moja, ndipo uifunge, la sivyo itageuka jiwe.